Mtenda Yuko Wapi? Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza na Kiswahili

Makala haya yanakusudia kulinganisha kauli ya kutendwa katika Kiingereza na Kiswahili, na kuonyesha kwamba tafsiri ya kihusishi kimoja huweza kubadilisha anayebeba jukumu la tendo. Mifano imetokana na mazingira ya wakuza chai wa Kimulot, eneo la Konoin katika Kaunti ya Bomet, na jirani zao wa Kericho.

Kiingereza huunda kauli hii kwa kitenzi kisaidizi "be", kinachobeba wakati, pamoja na kitenzi kikuu katika umbo timilifu. Hivyo "Workers pluck the tea" huwa "The tea is plucked by workers". Kiswahili hakihitaji kitenzi kisaidizi. Hupachika kiambishi -w- ndani ya kitenzi chenyewe: chuma, chumwa. Baadhi ya vitenzi ambavyo shina lake huishia kwa irabu huchukua -liw- au -lew-: chukua, chukuliwa, pokea, pokelewa. Katika lugha zote mbili yambwa hupanda na kuwa kiima, naye mtenda huwekwa baada ya kihusishi au huachwa kabisa.

Utata huanzia kwenye kihusishi hicho. Kiingereza hutumia "by" kwa mtenda, kama katika "by workers", na pia kwa njia ya kutenda, kama katika "by hand" na "by machine". Kiswahili sanifu hutenganisha dhima hizi: "na" humtambulisha mtenda, "kwa" hutambulisha ala. Twasema, "Majani yamechumwa na wafanyakazi kwa mikono." Hakuna mzawa wa lugha asemaye "yamechumwa na mikono", ila wengi huandika "yamechumwa na mashine" bila kusita. Kwa "na" hiyo, mashine imefanywa mtenda, na aliyeinunua na kuamuru itumike ametoweka. Tukiandika "kwa mashine", swali hubaki wazi: na nani? Katika mashamba makubwa ambako mashine zimechukua kazi ya wachumaji, swali hilo si la sarufi pekee.

Hata hivyo, kumwacha mtenda si kosa daima. "Mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho mwezi Mei 2023" ni sentensi ya haki ikiwa mwandishi hawajui waliozichoma. Lakini tuchukue hii: "Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi." Hapa mtenda anajulikana. Ni serikali ya kikoloni ya Uingereza, iliyotunga sheria mahususi kwa ajili hiyo mwaka huo huo. Sentensi ni sahihi kisarufi, ila imepungukiwa kihistoria.

Ikumbukwe kuwa kauli ya kutendeka, kama katika "majani yamechumika", haimpokei mtenda. Hatusemi "yamechumika na wafanyakazi". Kauli ya kutendwa humwekea mtenda nafasi hata asipotajwa, na kwa sababu hiyo msomaji ana haki ya kumwulizia.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi anayetafsiri kauli hii kutoka Kiingereza ajiulize maswali mawili. Je, "by" hii inataja mtenda au ala? Na kama mtenda hakutajwa, je, hajulikani, au amefichwa?