Saratani Changa ya Kibofu, na Alama za Kuijua Njia Yake

Kila mwanafunzi wa Tabora amefundishwa kwamba katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika. Misafara mingine ilishika njia ya magharibi hata Ujiji, mingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Mtu aliyeikuta imepiga kambi hakuweza kujua upi utakwenda wapi kwa kuitazama tu. Hakuwa na budi kupeleleza. Saratani ya kibofu cha mkojo nayo ina njia panda yake.

Kibofu ni mfuko wenye matabaka. Ndani kabisa mna utando mwembamba, nyuma yake tabaka laini, kisha msuli. Saratani ambayo haijafika msulini ndiyo tunayoiita changa. Daktari aweza kuukwangua uvimbe wake kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Lakini ikiingia msulini matibabu huwa mazito, na mara nyingi kibofu chote huondolewa.

Taabu ni kwamba saratani changa mbili zaweza kufanana machoni, moja ikakaa juu juu, ya pili ikachimba ndani. Tutazipambanuaje? Mwaka 2006 wataalamu wa Ulaya walitoa hesabu za wagonjwa 2,596. Walitazama mambo sita: idadi ya vivimbe, ukubwa wake, kina chake, kama ugonjwa uliwahi kurudi, ukali wa seli katika hadubini, na kama kuna madoa ya saratani kali yaliyotandaa juu ya utando. Kwa wenye alama nzuri kabisa, hatari ya ugonjwa kuingia msulini katika miaka 5 haikufika 1 kwa 100. Kwa wenye alama mbaya kabisa ilikuwa 45 kwa 100.

Kadhalika, wataalamu husoma alama ndani ya seli zenyewe. Badiliko katika jeni iitwayo FGFR3 huonekana zaidi katika uvimbe mpole. Kuharibika kwa jeni TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli mbovu zisiongezeke, huonekana zaidi katika uvimbe mkali. Protini Ki-67 huonyesha kasi ya seli kugawanyika. Walakini alama hizi bado hazijaondoa haja ya kuchungulia kibofu kwa chombo.

Sasa tuje kwetu, katika nchi ya malambo na majaruba ya mpunga. Humo huishi konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa ambao mdudu wake alivumbuliwa na Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851. Mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu na kuuchubua miaka mingi. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimhesabu mdudu huyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Saratani inayofuata kichocho mara nyingi si ya aina ile ya Ulaya, tena kwa kawaida hugunduliwa ikiwa imekwisha kuingia msulini. Hapo vipimo vya kutabiri njia havina kazi tena, kwani msafara umekwisha kuipita njia panda.

Mjomba wangu, mkulima wa mpunga, alikojoa damu miaka miwili akisema ni kichocho cha utotoni kilichorudi. Aliona haya kumweleza hata shangazi. Alipopelekwa hospitali, msuli ulikuwa umekwisha kuliwa. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Basi ndugu zangu, alama iliyo mikononi mwetu sote ni damu katika mkojo. Katika sehemu nyingi za Afrika watu wameidhania kuwa dalili ya kijana kupevuka. Si kweli. Mwanafunzi aionaye na aende zahanati apimwe. Kama ni kichocho, atapewa prazikwanteli. Na mzazi aliyekwisha kutibiwa kichocho, naye bado anakojoa damu, hata bila maumivu, asiridhike na vidonge. Na aombe kibofu chake kichunguliwe mapema, maana saratani ikiwa bado changa ndipo daktari awezapo kuikata njia.