Chinsaga Moja, Sufuria Nne



Somo la mwezi huu linaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulizunguka katika vikundi vya Kisii na Nyamira tukifundisha kwamba mboga za kienyeji zisimwagwe maji hata kidogo. Tulichora sufuria kwenye karatasi kubwa, maji ya kijani yakimwagika chini, tukaandika hapo: "Vitamini zinakwenda!" Akina mama walipiga makofi, nasi tukaenda zetu tukiwa tumeridhika.

Tuliporudi baada ya msimu mmoja tukakuta jambo ambalo hatukulitarajia. Nyumba kadhaa zilikuwa zimeacha kupika chinsaga kabisa. Mama mmoja upande wa Suneka alituambia bila kuficha: "Mlisema tusimwage, nami sikumwaga. Watoto wakatema, baba yao akasukuma sahani. Basi nikarudi kwa sukuma wiki, ambayo haina kelele."

Tulinyamaza. Mtoto aliyekuwa akila chinsaga iliyopungua vitamini kidogo, sasa halambi chinsaga yoyote, na sababu ni sisi. Kwa hiyo tukaacha kufundisha kwanza, tukaanza kuuliza. Tuliomba kuketi jikoni na watu wanne, kila mmoja atuonyeshe anavyopika mboga hiyo hiyo siku ya kawaida, si siku ya wageni.

Kwa wale mliotoka kwingine: chinsaga ni ile mboga ambayo Wajaluo huiita dek au akeyo, Wakalenjin saget, na Watanzania mgagani. Majani yake hukaa kama vidole vya mkono, ni machungu, na hapa kwetu mama aliyejifungua akikosa kupikiwa chinsaga watu huuliza kama ana jamaa kweli.

Jikoni kwa Omong'ina

Mama mzee huyu anaishi karibu na Ogembo, na kijiji kizima humwita Omong'ina kwa heshima. Tulifika saa tisa mchana tukidhani tutakula jioni. Alicheka. "Mtakula kesho," akasema.

Alichambua majani moja moja, akitupa mabua magumu na kubakiza ncha laini. Aliyaosha yakiwa mazima. Hakuyakatakata. Akatia maji kidogo tu kwenye chungu, yakachemka, ndipo majani yakaingia, akafunika. Baada ya muda akachovya mwiko na kuonja maji. Hapo ndipo tulipojifunza jambo la kwanza: Omong'ina hana sheria ya kumwaga wala ya kutomwaga. Wakati wa mvua, majani yakiwa mororo, hamwagi. Wakati wa kiangazi anamwaga mara moja, kwa sababu, kama alivyosema, "jua huongeza uchungu." Ulimi wake ndio unaoamua.

Siku hiyo hakumwaga. Aliacha maji yakaukie chunguni, akatia kikombe cha maziwa, akapunguza moto. Maziwa yaliponyweka akaongeza mengine. Hakutia kitunguu wala mafuta. "Kitunguu ni cha watu wa haraka," akatuambia, na tukaona alikuwa akimtazama mkaza mwanawe. Usiku chungu kikalala kando ya mafiga. Asubuhi kikachemshwa tena na maziwa kidogo. Tulipokula siku ya pili kwa obokima ya wimbi, uchungu ulikuwa umebaki kwa mbali tu, kama kumbukumbu. Mjukuu wake wa miaka mitatu alimaliza sahani.

Lakini tuseme ukweli: kuni zilizotumika zingeivisha githeri ya watu kumi. Na moto wa muda mrefu huua vitamini C hata kama hujamwaga tone la maji. Ile picha yetu ya sufuria haikusema hivyo! Tulimlaumu anayemwaga, tukamsahau anayechemsha siku mbili.

Jambo jingine kuhusu mboga ya kulala. Njia ya Omong'ina hupunguza hatari kwa sababu yeye huichemsha mpaka itokote kote, hufunika, na hutokosa tena kabla ya kugawa. Anayepasha moto juu juu tu, au anayetia maziwa mabichi kwenye mboga iliyopoa kisha akaiacha, anafuga ugonjwa wa tumbo. Watoto wadogo ndio hulipa.

Watu wa haraka

Mama wa pili huchuma majani chai upande wa Nyamira. Hurudi nyumbani saa kumi na moja akiwa amechoka mgongo. Hawezi kungoja kesho. Yeye huchanganya: konzi moja ya chinsaga, konzi moja ya managu, konzi mbili za emboga, yaani mchicha. Maji yakishachemka ndipo anatia mboga zote, dakika kama kumi, kisha anamwaga mara moja. Anakaanga kitunguu na nyanya, anarudisha mboga, anamalizia na maziwa kidogo. Toka kuwasha moto mpaka kupakua ni chini ya saa moja. Uchungu wa chinsaga umegawanywa kwa mchicha, kwa hiyo hahitaji kupigana nao kwa maji mengi. (Kwenye managu, toeni vile vitunda vya kijani. Vikiwa vibichi vina sumu.)

Mke kijana tuliyemtembelea mjini Kisii, katika chumba cha kukodi si mbali na soko la Daraja Mbili, hachemshi kabisa. Gesi ni ghali. Anachagua fungu lenye majani machanga ambayo hayajatoa maua, anayaosha, ndipo anayakata. Kisha anakaanga kitunguu kwa mafuta, anatia mboga pamoja na mchicha, nusu kikombe cha maziwa, anafunika, na baada ya dakika kumi na tano wanakula. Tuliipenda. Tukajaribu nyumbani kwa chinsaga iliyokwisha kuchanua, na ladha yake ikawa kama kwinini. Njia hii inadai majani machanga. Ukikosa hayo, usijilaumu. Tumia njia nyingine.

Wa nne ni baba mmoja upande wa Keroka, mjane, ana watoto watatu. Humwaga maji mara tatu mpaka yawe meupe. "Nimeipika mpaka ikawa mpole," akasema kwa fahari. Sisi wenye karatasi ya picha tulikaribia kulia. Lakini alipopakua, akakata ovakado mbili za mti wake akaweka vipande juu ya kila sahani, kwa sababu tu watoto wanapenda. Hakujua kwamba ovakado hiyo ilikuwa inafanya kazi kubwa kuliko alivyodhani.

Kinachokwenda na maji na kinachobaki

Vitamini si kitu kimoja. Vitamini C na foleti, ile inayohitajika sana kwa mama mjamzito, huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto. Ukimwaga maji unamwaga sehemu yake kubwa. Ukichemsha siku nzima inakufa papo hapo chunguni. Ile rangi inayotumiwa na mwili kutengeneza vitamini A, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi, haiyeyuki kwenye maji. Inabaki kwenye jani. Ila mwili hauwezi kuichukua vizuri bila mafuta kidogo: mafuta ya kupikia, siagi ya maziwa, au hiyo ovakado. Madini kama chuma na chokaa hupungua kidogo yakimwagwa, lakini mengi hubaki.

Maana yake ni kwamba sahani ya yule baba wa Keroka, ingawa imepoteza vitamini C, bado inawapa watoto vitamini A kuliko sahani ya mboga ambayo haikumwagwa na haina mafuta hata chembe. Na sahani yoyote kati ya hizi nne ni bora kuliko ile iliyosukumwa kando.

Kwa hiyo tumebadilisha fundisho letu. Tunasema: punguzeni uchungu kabla ya kufikia kumwaga. Chagueni majani machanga, changanyeni na mchicha, tumieni maziwa. Ikibidi kumwaga, mwageni mara moja, na maji yawe kidogo toka mwanzo. Osheni kabla ya kukata, si baada, maana jani lililokatwa huacha utamu wake kwenye beseni. Magadi, ambayo wengine hutia hasa kwenye mrenda, hulainisha jani lakini huharibu vitamini C zaidi, pungueni.

Vitamini C iliyopotea inaweza kurudishwa kwa njia nyingine, na hapa hatuhitaji duka. Mpe mtoto pera, chungwa au karakara pamoja na chakula. Hiyo vitamini C ndiyo husaidia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye mboga na wimbi. Kama una limau, kamulia sahanini. Usikamulie kwenye sufuria yenye maziwa, yatagandana, halafu mtasema tumewaharibia mboga mara ya pili.

Chai

Hapa ndipo pagumu, kwa maana majani chai hulipa karo ya watoto wetu. Katika nyumba tatu kati ya hizo nne, chai ya rangi au ya maziwa iliwekwa mezani pamoja na ugali na mboga, hata kikombe cha mtoto. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua chuma. Mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua, tunampikia chinsaga kwa upendo, halafu tunamtilia chai ya kuishusha! Hatusemi msinywe chai. Ngojeni saa moja au mbili baada ya chakula. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa, apewe maziwa, au uji.

Bakuli la mdogo

Katika nyumba mbili tuliona watoto wote wakila sahani moja kubwa. Ni desturi nzuri, inafundisha kugawana. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kushindana na kaka yake wa miaka minane. Anapata ugali mwingi na mboga kidogo, au anashika jani refu linamkaba, analitema, nasi tunasema "huyu hapendi mboga."

Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto mpaka miezi sita. Baada ya hapo, akiendelea kunyonya, apewe bakuli lake. Mke kijana wa Daraja Mbili alituonyesha: anachukua vijiko viwili vya mboga iliyoiva, anaisaga kwa mgongo wa kijiko, anachanganya na ugali laini au ndizi ya kuchemsha iliyopondwa, na tone la mafuta. Hakuna chakula cha pekee kilichopikwa, ni kile kile cha jamaa yote. Omong'ina alipoelezwa hivyo alisema kwamba zamani nyanya ndiye aliyekuwa akimtafunia mtoto. Kijiko ni safi zaidi, akakubali.

Toka shambani

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Mashamba yetu mnayajua: wengine wamebaki na kipande cha kuzunguka nyumba tu. Chinsaga inafaa mahali kama hapo. Hukubali kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kupanda. Wataalamu wetu, akiwemo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wamefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi si magugu wala si chakula cha umaskini.

Uchungu, basi, hupunguzwa shambani kabla ya jikoni. Pandeni kidogo kidogo, mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, badala ya kumwaga mbegu zote siku moja. Vunjeni vichwa vya maua mara vinapotokea, ili mmea uzidi kutoa majani. Acheni miche michache yenye nguvu izae mbegu.

Kazi ya kikundi

Katika mkutano ujao, msikubali maneno yetu tu kama mlivyofanya ile mara ya kwanza. Jaribuni. Leteni chinsaga ya shamba moja, gawanyeni mafungu manne yaliyo sawa, na kila fungu lipikwe kwa njia mojawapo. Njia ya Omong'ina ianze siku moja kabla. Hesabuni kuni za kila mafiga na mtazame saa. Wakati wa kuonja, waiteni watoto kwanza, wala wasiambiwe ni sufuria ya nani. Katibu aandike sufuria iliyokwisha na iliyobaki.

Kisha mjadili haya: Nani nyumbani huamua kama mboga ni chungu mno? Ni lini mara ya mwisho mtoto wako mdogo alikula mboga ya kienyeji, na kama aliacha, aliacha lini? Kama kuna mama kikundini ambaye amejifungua karibuni, ni nani anayempikia, na anakunywa nini na chakula chake?

Kila mmoja aje na sufuria yake yenye kifuniko, kikombe cha maziwa na tunda moja. Wanaume pia mmealikwa, na yule baba wa Keroka ameahidi kuleta ovakado. Majani yachambuliwe nyumbani, maana mkutano ni saa nane na giza halingoji.