Mkataba wa Mauziano Haujahamisha Kiwanja

Wakazi wengi wakishanunua kiwanja chenye hati huhifadhi mkataba sandukuni na kudhani kazi imekwisha. Mkataba ule, hata ukiwa na mihuri ya wakili na ya serikali ya mtaa, ni ushahidi wa makubaliano tu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, miliki huhama pale uhamisho unaposajiliwa katika daftari la Msajili wa Hati.

Madhara huonekana muuzaji anapofariki. Daftarini mmiliki bado ni marehemu. Warithi wasioujua mkataba hufungua mirathi, na mnunuzi hulazimika kumfuata msimamizi, pengine hadi mahakamani, akidai mali aliyokwisha kuilipia. Muuzaji mwenye hila naye aweza kuiweka rehani hati ileile, kwa kuwa benki ikipekua daftari haikuti jina lako.

Basi kabla ya kulipa, omba upekuzi rasmi ili uone mmiliki aliyeandikwa, rehani na mazuio. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza ni lazima. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ingawa wanunuzi wengi hawaulizi. Kisha fomu za uhamisho hupitia ofisi ya ardhi ya halmashauri, tathmini hufanywa, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu hulipwa, ndipo nyaraka ziende kwa Msajili. Risiti zote zitunzwe.

Ardhi ya kijiji hufuata Sheria Na. 5 ya mwaka 1999: anzeni kwa halmashauri ya kijiji, wala si kwa Msajili.