Dondoo muhimu: Kukarabati nyumba ya miti na udongo

Ukiwa Handeni au Korogwe, mtafute fundi mzee wa kukandika, umkandie udongo huku ukijifunza. Kazi ifanyike masika yakishapita, Juni hadi Septemba.

Anza chini: choma nguzo kwa ncha ya kisu karibu na ardhi. Kisu kikizama, imeoza au imeliwa na mchwa, badilisha. Fito zifunge kwa kamba ya katani.

Udongo ndio unaotaka mkono. Viringisha kijiti chembamba cha udongo mbichi: kikikatika upesi, ongeza udongo wa kichuguu, ukinata vidoleni, ongeza mchanga. Changanya na nyasi zilizokatwakatwa, uulaze usiku kucha. Lowesha ukuta wa zamani kabla ya kukandika.

Saruji usipake kabisa! Hufungia unyevu ndani, miti ikaoza, na plasta ikabanduka.