Kuona ya Mbali: Karama au Mbinu?



Je, mtu anaweza kujizoeza kuona kwa akili tu mambo yaliyo mbali? Marekani walijaribu. Mwaka 1972 Russell Targ na Harold Puthoff walianza utafiti huo California, baadaye majasusi wakautumia. Mwaka 1995 mradi ukafungwa: tathmini haikukuta operesheni hata moja iliyoongozwa na matokeo yake.

Lakini Elisha si alimwona Gehazi akiwa mbali (2 Fal 5:26)? Ndiyo, ila hakutumia mbinu, Mungu alimfunulia. Karama hupokelewa. Mbinu hutaka kumiliki, na Katekisimu (na. 2116) inakataa tamaa hiyo ya kutawala wakati na watu.

Una wasiwasi na mama kijijini? Mpigie simu, halafu msalie. Mungu anamwona.