Hisa Zako, Gawio Lako na URA

Wadogo zangu, tangu MTN Uganda ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila moja, na Airtel Uganda ikafuata mwaka 2023 kwa shilingi 100, swali mnaloniuliza zaidi ni hili: "Dada, URA watanikata kiasi gani?" Wapo walioacha kununua kwa hofu hiyo tu. Inaniuma, maana kodi yenyewe wala si ya kumkimbiza mtu.

Ukinunua hisa za kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Uganda, pale Nakawa, hutozwi ushuru wa stempu. Utalipia hisa zenyewe, kamisheni ya dalali na ada ndogo za soko. Bei ikipanda nawe hujauza, hakuna anayekudai chochote.

Kodi inakuja siku ya gawio. Tuseme una hisa 5,000 na kampuni imetangaza gawio la shilingi 6 kwa hisa. Hesabu ni 30,000, lakini benki au simu itapokea 27,000. Usipige kelele kwamba umeibiwa: kampuni imekata asilimia 10 na kuipeleka URA kwa niaba yako. Hicho ndicho kiwango cha mtu binafsi mkazi wa Uganda kwa kampuni iliyo sokoni, na kodi ya gawio hilo imeishia hapo. Siku ukiuza hisa hizo sokoni kwa faida, faida hiyo nayo haitozwi kodi, maadamu kununua na kuuza hisa hakujawa ndiyo biashara yako.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanaumia. Rafiki anafungua kampuni Ntinda, anakwambia, "Nipe milioni 5, nikupe hisa." Hisa hizo hazipo sokoni. Gawio lake linakatwa asilimia 15. Kuzihamisha kwa jina la mtu mwingine kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani yake. Na ukiziuza kwa faida, faida hiyo inahesabiwa kuwa mapato yako na inatozwa kodi. Sisemi mumnyime rafiki. Nasema mwandikishane, hisa zisajiliwe kwa jina lako, na utunze risiti ya ulichotoa. Bila karatasi ya bei uliyonunulia, utathibitishaje kwamba faida yako ni milioni 1 na si milioni 6?

Mwenye hisa za Safaricom kule Nairobi ajue kwamba Kenya inamkata raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki asilimia 5 ya gawio. Mkazi wa Uganda anatakiwa kulitaja gawio hilo URA, na kodi iliyokatwa Kenya inapunguzwa kwenye anayodaiwa hapa. Tunzeni hati ya makato.

Wiki hii fanyeni jambo moja: mpigieni dalali wenu, mhakikishe akaunti ya benki na namba ya simu mlizoandikisha bado zinafanya kazi. Aliyefunga akaunti bila kumwarifu dalali gawio lake halimfikii, na kodi yake imeshakatwa.