Je, nipime lehemu iliyoharibiwa na oksijeni?

SWALI: Nakaanga chipsi hapa Kabuku, kando ya barabara ya Chalinze–Segera. Nasikia kuna kipimo cha lehemu iliyoharibiwa na oksijeni mwilini. Nikapime wapi?

JIBU: Kipimo hicho usikihangaikie. Lehemu mbaya, LDL, ikinasa kwenye ukuta wa mshipa huharibiwa na oksijeni. Chembe za kinga huimeza hadi zikajaa mafuta, na mshipa huanza kuziba. Mtafiti Daniel Steinberg na wenzake walilifafanua hilo mwaka 1989.

Kuipima ndiyo kazi. Damu ikikaa kwenye joto, lehemu huendelea kuharibika ndani ya chupa na majibu yakapotosha, hivyo kipimo kimebaki zaidi kwa watafiti. Tena majibu yake hayabadilishi tiba. Vidonge vya vitamini E, vilivyotarajiwa kuzuia uharibifu huo, havikupunguza mshtuko wa moyo katika utafiti wa HOPE wa mwaka 2000.

Badala yake, pima presha, sukari na LDL kwa kipimo cha kawaida. Kwa kuwa unakaanga chipsi, mafuta ya karai yakishakuwa meusi, mazito na yenye povu, yamwage, usiyaongezee mapya juu yake. Na kama unavuta sigara, ndugu yangu, acha leo.